Naogopa sindano za Kichina, na oparesheni naiogopa zaidi: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mwanza

Kazi yangu ni fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nashinda na watu wenye migongo, magoti na mabega yanayouma. Kina mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, bodaboda, wavuvi wa Ukerewe na Kome, walimu wanaosimama kutwa nzima. Maswali ni yale yale. Mtu kaambiwa apasuliwe, hataki, kasikia kuna sindano za Kichina zinatibu bila kisu, halafu akiwaza tu hiyo sindano mwili unamsisimka, basi kabanwa huku na huku. Nimeyaweka hapa na majibu yake kama ninavyoyajibu uso kwa uso. Pale ninaposema usisubiri, naomba sana usisubiri.

## Mambo ya mwanzo

1. Hizi sindano za Kichina ni nini hasa? Si ndiyo zile zile za hospitali?

Hapana, si zile. Sindano ya akupancha, ndilo jina la tiba hii ya Kichina, haina tundu katikati, kwa hiyo hakuna dawa inayoingizwa wala damu inayotolewa. Ni kijiti chembamba cha chuma, unene wake mara nyingi milimita 0.20 mpaka 0.30. Sindano ya kawaida ambayo nesi anakutolea damu au anakuchoma kwenye msuli inafika kama milimita 0.8, na ncha yake imekatwa upande ili ichane ngozi. Hii ya Kichina ncha ni ya mviringo, inapenya bila kuchana.

Mtaalamu anachagua sehemu kadhaa mwilini, anachoma, anaziacha dakika 20 au 30 wewe umelala, halafu anazitoa. Wengine wanazizungusha kidogo, wengine wanaunganisha na umeme mdogo. Sio kitu kigeni sana kwetu, madaktari wa China walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na bara 1968, ndo maana wazee wengi wanazijua.

2. Zinauma?

Ile ya kuingia unaisikia kama mbu kakung'ata, wengine hata hawasikii. Mtaalamu anaweka kimrija cha plastiki juu ya ngozi, sindano iko ndani yake na inachomoza juu kidogo, anaigonga kwa kidole mara moja, anatoa kimrija. Mara nyingi unakuta mtu bado kafumba macho anasubiri achomwe wakati ya tatu ishaingia.

Kinachofuata ndicho kinachowashangaza watu. Sindano ikifika kwenye msuli unaweza kusikia uzito, ganzi ganzi, au kama msuli unavutwa kwa ndani. Hiyo ni kawaida na wataalamu wenyewe wanaitafuta. Ila maumivu makali ya kuchoma kama umeme yanayoshuka mkononi au mguuni sio kawaida, sema hapo hapo, airudishe nyuma. Usivumilie kwa kuona aibu.

3. Zinatibu nini, na nini hazitibu?

Hapa naomba usome mpaka mwisho maana ndipo watu wanapoumia. Akupancha ina ushahidi kwenye maumivu ya muda mrefu: mgongo, shingo, bega, kichwa kinachouma mara kwa mara ikiwemo kipandauso. Mwaka 2012 watafiti walikusanya taarifa za wagonjwa karibu 18,000 na wakakuta waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa, ila ukiwalinganisha na waliochomwa sindano za uongo, za kuigiza tu, tofauti ilikuwa ndogo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa maumivu sugu ya mgongo wa Desemba 2023 limeiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu na masaji. Uingereza nao mwongozo wao wa 2021 unaikubali kwa maumivu sugu fulani, halafu ule wa 2022 unasema isitumike kwa magoti yaliyosagika. Kwa hiyo ni nafuu ya maumivu, kwa baadhi ya watu, kwa kiasi.

Haiyeyushi uvimbe. Hairudishi henia ndani. Haiondoi mtoto wa jicho, haitibu kansa, haiungi mfupa uliovunjika. Mtu akikwambia sindano zake zinafanya hayo, chukua mkoba wako uondoke.

## Uoga wenyewe

4. Nikiona sindano nazimia kabisa. Mimi ni muoga sana au ni ugonjwa?

Sio uoga wa kitoto na sio udhaifu. Kuna watu ambao mwili wao wakiona sindano au damu, moyo unaenda mbio kwanza halafu ghafla presha inashuka, damu inapungua kichwani, mtu anaanguka. Na kuna mwanamume wa miraba minne anayebeba magunia ya dagaa mgongoni siku nzima anaanguka kwa kuona sindano tu, nimewaona. Mara nyingi ukiuliza unakuta na baba yake yuko hivyo hivyo, linakwenda kwenye familia.

Kuna mbinu iliyotengenezwa Sweden miaka ya 1980 na mtaalamu wa saikolojia Lars-Göran Öst, ni rahisi na haina gharama. Unakaa, unakaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa pamoja, unashikilia sekunde 10 mpaka 15 hadi usikie uso unapata joto, unaachia sekunde 20 au 30 (usilegee kabisa, rudi tu kawaida), unarudia mara tano. Inazuia presha kushuka. Jifunze nyumbani kwa wiki moja mara kadhaa kwa siku, ndipo uende. Watu wanaambiwaga "legeza mwili, vuta pumzi", na kwa mwenye hofu ya kawaida ni sawa, ila kwa anayezimia kulegea ndiko kunakomwangusha.

5. Siku yenyewe nifanyeje?

Kula kwanza, hata chai na chapati. Kwenda na njaa ni kuomba kizunguzungu. Mwambie mtaalamu kabla hajafungua chochote kwamba unaogopa na kama umewahi kuzimia. Omba ulale, usikubali kuchomwa ukiwa umekaa. Omba aanze na sindano moja tu sehemu isiyouma sana, kama mguuni chini ya goti, mkae dakika chache, halafu uamue kama mnaendelea. Siku ya kwanza unaweza kuishia hapo hapo na hujapoteza kitu.

Usiangalie kama kuangalia kunakutesa. Kuna wengine ni kinyume, wasipoona ndio wanaogopa zaidi, hao waombe waishike sindano mpya mkononi, waikunje, waone ilivyo laini. Nenda na mtu wako, dada, mume, jirani. Na mkubaliane neno: ukisema "toa", anatoa, bila mabishano. Mtaalamu asiyekubali hilo mimi nisingempa mgongo wangu.

6. Hakuna namna ya kupata faida hiyo bila sindano?

Ipo. Sehemu zile zile zinaweza kukandamizwa kwa vidole, na kwa kichefuchefu ile ya upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kiganja kuelekea kwenye kiwiko, kati ya mishipa miwili, imefanyiwa utafiti mwingi. Kuna masaji, kuna kukanda kwa maji ya moto. Ila nikwambie ukweli, kwa mgongo, shingo na goti kitu chenye nguvu kuliko vyote ni mazoezi yaliyopangwa kwa ajili yako na kufanywa kila wiki, na hayo hayana sindano hata moja. Ukishindwa kabisa na sindano hujakosa tiba.

Mikanda ya mgongo inayouzwa barabarani na mashine za kuvuta mgongo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani niliotaja swali la 3 haushauri zitumike kama kawaida kwa maumivu sugu ya mgongo.

## Usalama

7. Nitajuaje kama sindano ni mpya? Naogopa Ukimwi.

Umeogopa kitu sahihi. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba Ukimwi na homa ya ini. Kila sindano inatakiwa itumike mara moja kwa mtu mmoja halafu itupwe kwenye boksi gumu la njano la ncha kali, lile unaloliona hospitali. Angalia pakti inafunguliwa mbele yako, angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa, angalia ananawa mikono, angalia boksi liko wapi. Ukiona sindano zimelala kwenye kikopo cha spiriti, nyanyuka. "Nazichemsha" au "hizi ni zako utakuja nazo tena" sio jibu. Kuuliza sio utovu wa adabu, sema tu "samahani dokta, naomba nione unafungua pakti", anayejua kazi hatakasirika.

8. Hijama na chale si ni kitu kimoja na hii?

Vitu vitatu tofauti. Hijama ya kuchanja, ile ya kuumika, inatoa damu, ngozi inachanjwa kwa wembe na vikombe vinavuta. Chale ni wembe na dawa inapakwa kwenye kidonda. Akupancha haitakiwi kutoa damu zaidi ya tone dogo wakati wa kuchomoa. Masharti ya usafi ni yale yale ya swali la 7, na kwenye wembe yana uzito zaidi. Wembe mmoja kwa familia nzima, hata kama ni ndugu wa damu, hapana.

9. Nani asichomwe, au aongee na daktari kwanza?

Anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda. Mjamzito, kuna sehemu zinaepukwa. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe na umeme kabisa. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, maana hatasikia na kidonda chake kinapona kwa shida. Mwenye jipu au vidonda pale pale panapotaka kuchomwa. Anayetumia ARV na afya iko sawa anaweza kuchomwa, asiache dawa zake.

Na kwenye kifua na mabegani sindano ikizama sana inaweza kutoboa pafu. Ni nadra, lakini kama baada ya kuchomwa maeneo hayo unapata pumzi fupi au kifua kinachoma ghafla, hata usiku, nenda hospitali moja kwa moja.

10. Hapa Mwanza nimpate wapi, na nijuaje sio tapeli?

Sitaji majina. Anza na idara ya fizio au daktari wa mifupa, iwe Bugando, Sekou Toure au hospitali ya wilaya yako, uliza nani wanamjua. Kisheria anayetoa tiba mbadala anatakiwa asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, yeye mwenyewe na kituo chake pia. Cheti kinatakiwa kiwe ukutani. Kama hukioni omba uonyeshwe, na ukiwa na wasiwasi kaulize kwa mratibu wa tiba asili kwenye halmashauri yako.

Uliza bei yote kabla. Wanaokwambia ulipie mara 20 mbele kabla hujachomwa hata moja, waache. Ukishachomwa mara 5 au 6 na hakuna badiliko lolote, simamisha, fedha hiyo ina kazi nyingine.

## Oparesheni au njia nyingine

11. Nimepigwa picha, diski imetoka, nimeambiwa nipasuliwe. Lazima?

Mara nyingi sio lazima, na mara nyingi sio leo. Diski ni ule mto mdogo kati ya pingili za mgongo. Ikitoka ikabana mshipa wa fahamu, yale maumivu yanayoshuka mguuni, kwa watu wengi yanapungua yenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12, maana mwili unakula kile kipande taratibu. Uholanzi mwaka 2007 ulitoka utafiti wa wagonjwa 283, nusu wakapangiwa kupasuliwa mapema, nusu waendelee na tiba ya kawaida kwanza. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa. Na sikufichi upande wa pili: kwenye lile kundi la kusubiri karibu 4 kati ya kila 10 waliishia kupasuliwa maana maumivu yaliwashinda. Kwa hiyo oparesheni hapa ni njia ya kufika haraka, na kusubiri ni njia halali kabisa kama unaweza kuvumilia na huna dalili za swali la 12.

Kusubiri sio kulala kitandani. Kulala siku nyingi kunadhoofisha mgongo. Tembea, meza dawa za maumivu ulizoandikiwa, fanya mazoezi yako, punguza mizigo. Mama mmoja wa dagaa nilimwonyesha namna ya kugawa gunia mara mbili na kuinua kwa kukunja magoti na mzigo uko karibu na tumbo, akasema "kumbe miaka yote nilikuwa nauvunja mwenyewe". Akupancha inaweza kuingia hapa kama nyongeza ya kupunguza maumivu ili uweze kufanya mazoezi, na hapo ndipo mimi naipenda.

Jambo lingine, picha ya MRI haitoshi peke yake. Watu wengi wasioumwa chochote ukiwapiga picha unakuta diski zimechomoza. Daktari anatakiwa akupime, akupige nyundo magotini, akunyanyue mguu, aangalie nguvu ya kidole gumba, halafu alinganishe na picha.

12. Dalili gani zinasema hapa hakuna kusubiri wala sindano?

Mkojo umegoma kutoka au unakutoka bila kujua. Haja kubwa inakuponyoka. Ganzi sehemu unayokalia, mapajani kwa ndani na sehemu za siri. Mguu unazidi kuishiwa nguvu, kandambili inakutoka huoni. Hizo ni za kukimbia hospitali kubwa siku hiyo hiyo, sio kesho asubuhi, maana mishipa inayobanwa pale ikikaa muda mrefu hairudi. Uko visiwani, usisubiri wikiendi ipite, panda boti ya kwanza inayoondoka. Kwa wa Sengerema na Geita, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, hakuna tena kusubiri pantoni.

Ongeza na hizi: mgongo unauma na una homa, jasho la usiku, umekonda (angalia swali la 16), umeanguka kutoka juu, au umewahi kuwa na kansa.

13. Goti langu limesagika, napanda mlima kila siku. Wanasema walisafishe kwa oparesheni.

Wanaokaa juu ya mawe Mabatini, Isamilo au nyuma ya Bugando wananielewa, ngazi za mawe asubuhi na jioni. Ile ya kuingiza kamera na kusafisha goti lililosagika ilipimwa Houston, Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2002: wagonjwa 180, baadhi walisafishwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani, na nafuu ikawa ile ile. Kwa usagikaji tu, bila goti kujifunga ghafla, uliza sana kabla ya kukubali.

Mazoezi ya kuimarisha paja la mbele yanasaidia, na uzito pia: ukipungua kilo 1, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Shuka ngazi kwa mguu unaouma kwanza, panda kwa ule mzima. Ikifika mahali mfupa unasaga mfupa na usiku hulali, kubadilishiwa goti ni oparesheni nzuri inayorudisha watu kwenye maisha yao, usiikimbie kwa sababu ya jina.

14. Na henia, mtoto wa jicho, bawasiri, uvimbe wa kizazi?

Haya yanatofautiana sana. Mtoto wa jicho hana dawa ya matone wala sindano, ni oparesheni tu, fupi, kwa ganzi ya jicho. Henia haina dawa ya kunywa. Kama ni ndogo na haisumbui daktari anaweza kukubali muiangalie kwanza, ila ikikaza, ikauma, hairudi ndani na unatapika, ni dharura ya siku hiyo. Kidole tumbo kuna wanaotibiwa kwa antibayotiki, lakini ni ndani ya hospitali chini ya macho ya daktari, sio nyumbani.

Uvimbe wa kizazi mdogo usiotoa damu nyingi unaweza kuachwa ukiangaliwa, na ukomo wa hedhi ukifika mara nyingi unasinyaa. Vijiwe vya figo vidogo chini ya milimita 5 vingi vinatoka vyenyewe.

Bawasiri nyingi zinatulia kwa maji, matunda, mboga na kutokaa chooni muda mrefu, na kuna ya kufungwa mpira bila kukatwa. Lakini sisi watu wa ziwani tuna jambo letu: damu kwenye choo inaweza kuwa kichocho cha tumbo kutokana na maji ya ziwa, na watu wanazunguka miaka wakitibiwa bawasiri. Pima choo kwanza. Kichocho kinatibiwa kwa vidonge vya praziquantel.

15. Nimuulize nini daktari bila kuonekana nabishana?

Muulize ugonjwa wako unaitwaje, akuandikie. Nisipopasuliwa miezi mitatu ijayo itakuwaje? Kuna njia gani nyingine na umeshaona zikisaidia? Hatari ya oparesheni kwa mtu wa umri wangu ni ipi? Nitakaa bila kazi muda gani? Anza na "shikamoo dokta, naomba nielewe ili nikawaeleze na wa nyumbani", hakuna daktari atakayeona umemkosea. Kutaka maoni ya daktari wa pili ni haki yako, chukua picha na majibu yako yote uende nayo. Usisaini karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa, na kama bibi anasikia Kisukuma tu, aje mjukuu amtafsirie neno kwa neno.

## Yasiyo ya kawaida

16. Mgongo unauma, nimekonda, usiku natoka jasho. Nianze na sindano?

Hapana. Kifua kikuu kinaingia kwenye pingili za mgongo, na mtu anaweza asikohoe hata kidogo. Ukichelewa pingili zinalika, kibyongo kinatokea, miguu inapooza. Hapa dawa za TB zinazotolewa bure ndizo zinazowaepusha wengi na kisu, zikianza mapema. Kila siku unayopoteza kwenye masaji na sindano inakusogeza kwenye oparesheni uliyokuwa unaikimbia.

17. Kijana wangu ana seli mundu, nyonga inamuuma, anachechemea.

Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye seli mundu. Damu ikikosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa taratibu. Mpeleke kliniki ya seli mundu apigwe picha mapema. Mwanzoni magongo, kupunguza uzito mguuni na mazoezi vinaweza kusaidia, baadaye mara nyingi inakuwa kubadilishiwa nyonga. Sindano zisianzwe bila daktari wake kujua, wala asiache dawa yake ya seli mundu, hydroxyurea.

18. Kinachoniogopesha hasa ni nusu kaputi, nisiamke.

Sema hivyo hivyo kwa mtu wa ganzi, ndiye wa kuongea naye kabla ya siku yenyewe. Oparesheni nyingi za kuanzia kiunoni kushuka zinafanyika kwa ganzi ya mgongoni, uko macho. Kama tatizo lako ni sindano, mwambie pia, ngozi inatiwa ganzi kwanza, na ile mbinu ya kukaza misuli kwenye swali la 4 ifanye kabla ya kuwekewa dripu. Ila wakati unachomwa ganzi ya mgongoni usikaze, unatakiwa utulie.

19. Nimeshapewa tarehe ya oparesheni. Naweza kuendelea na akupancha?

Mara nyingi ndiyo, ukimwambia daktari wako wa upasuaji. Stori iliyoitangaza akupancha Marekani ni ya mwandishi wa habari James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing mwaka 1971. Watu wanasimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano bila ganzi. Sio kweli, alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida ya sindano ya dawa, na akupancha alipewa baada ya oparesheni kwa ajili ya tumbo lililokuwa linamsumbua. Vilikwenda pamoja.

Usichomwe karibu na sehemu itakayokatwa siku chache kabla, na baada ya oparesheni usichomwe karibu na kidonda mpaka kifunge. Taja dawa zote unazotumia, na za kienyeji pia, hata ile ya chupa uliyoletewa na shangazi kutoka Magu, maana kuna mizizi inayozuia damu kuganda na mtu wa ganzi anahitaji kujua kabla hujaingia, sio ukiwa tayari uko mezani.